Edsger Dijkstra: Mholanzi aliyeuogopa mkatizo

Mkulima wa kahawa wa Bwesumbu, kwenye miteremko ya Rwenzori wilayani Kasese, anapotuma fedha kwa simu na mara mtu akampigia, kichakataji huacha kazi iliyopo, huhifadhi mahali kilipofikia, hushughulikia mwito huo, kisha hurejea kana kwamba hakuna lililotokea. Tendo hilo huitwa mkatizo. Miongoni mwa watu wa kwanza kuliandikia programu alikuwa Edsger Dijkstra, aliyezaliwa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1930.

Mwaka 1952 alijiunga na Kituo cha Hisabati mjini Amsterdam. Kazi yake ilikuwa ngeni mno hata alipofunga ndoa mwaka 1957 maafisa walikataa kuandika kuwa yeye ni mtunzi wa programu. Cheti kikamtaja kuwa mwanafizikia wa nadharia.

Mwishoni mwa mwaka huo wenzake, Bram Loopstra na Carel Scholten, waliokuwa wakisanifu kompyuta ya X1, walipendekeza vifaa vyake viweze kuikatiza. Dijkstra aliingiwa na hofu. Hadi hapo, programu yenye kasoro ilikosea vilevile kila ilipoendeshwa, na kasoro ikanaswa. Mkatizo, kinyume chake, huja baina ya amri yoyote na ifuatayo. Kosa lililojitokeza leo laweza lisionekane tena. Alipinga kwa takriban miezi mitatu, hadi wenzake walipomlainisha kwa sifa. Pengine woga huo ulimfaa kuliko kipaji: kwa kuwa majaribio hayangemhakikishia lolote, ilimbidi athibitishe usahihi wa programu yake kwa hoja. Kazi hiyo ikawa tasnifu yake ya udaktari mwaka 1959.

Alihamia Eindhoven mwaka 1962. Huko, pamoja na kikundi kidogo, aliunda mfumo wa uendeshaji uitwao THE, uliopangwa kwa matabaka. Tabaka la chini kabisa lilipokea mikatizo ya saa na kugawa muda wa kichakataji. Matabaka ya juu hayakuhitaji kujua kuwa kichakataji ni kimoja tu. Humo alitumia semafo, ishara zilizopewa jina la zile za reli, ambazo hadi leo zimo katika kiini cha Linux kinachoendesha simu za Android.

Alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1972, na kuanzia 1984 alifundisha Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akiendelea kuandika makala zake kwa kalamu ya wino. Alifariki kwa saratani huko Nuenen, Uholanzi, Agosti 6, 2002.