Yatsuhashi, kipofu wa koto

Yatsuhashi alizaliwa mwaka 1614 katika inchi ya Japani. Alikuwa kipofu. Mjini Osaka alipiga shamisen, chombo cha nyuzi 3. Lakini moyo wake ulitamani koto, ubao mrefu wenye nyuzi 13. Koto ilikuwa ya wakubwa na watawa; kuwafundisha vipofu kulikatazwa. Hata hivyo mwalimu Hosui alimfundisha.

Nyuzi za koto zilifuata sauti 5, wala hapakuwa na mbili zilizokaribiana sana. Yatsuhashi akalegeza nyuzi, akashusha sauti 2 kidogo tu. Zikabaki 5, lakini sasa koto ililia kama mtu aliyefiwa. Watu wote wakaipenda. Wakampa vipofu wenzake cheo kikubwa cha kengyo.

Alikufa mwaka 1685. Wapiga koto wangali wanafunga nyuzi kama yeye.