Josef Stefan: Mwana wa mtumishi aliyekadiria joto la jua

KILA jioni mitaani Kawangware na Dagoretti, magharibi mwa jiji la Nairobi, majiko ya mkaa huwashwa. Anayeketi kando ya jiko huhisi joto usoni hata upepo ukivuma kuelekea upande wa pili. Joto hilo halibebwi na hewa, bali husafiri kama mwanga. Wataalamu huliita mnururisho.

Aliyegundua kanuni yake ni Josef Stefan, aliyezaliwa Machi 24, 1835 karibu na mji wa Klagenfurt, Austria. Wazazi wake walikuwa Waslovenia maskini: baba msaidizi wa msagaji nafaka, mama mtumishi wa nyumbani. Kijana huyo alitunga mashairi kwa lugha ya mama kabla ya kuzama katika fizikia. Mnamo 1863 aliteuliwa profesa katika Chuo Kikuu cha Vienna.

Ufanisi wake mkuu ulitokana na vipimo vya mtu mwingine. John Tyndall alikuwa amepasha moto waya wa platini kutoka nyuzi 525 hadi 1,200, na mnururisho ukaongezeka mara 11.7. Wengi walizisoma takwimu hizo wakazipita. Mnamo 1879, Stefan alihesabu joto kuanzia kikomo cha chini kabisa cha baridi, nyuzi 273 chini ya sufuri, akabaini kuwa mnururisho hukua kwa kipeo cha nne cha joto hilo. Likiongezeka maradufu, mnururisho huongezeka mara 16.

Kwa kanuni hiyo alikadiria joto la uso wa jua kuwa takriban nyuzi 5,430. Makadirio ya sasa ni kama 5,500. Mnamo 1884, mwanafunzi wake wa zamani, Ludwig Boltzmann, aliithibitisha kinadharia, akaonyesha kwamba hutimia kikamilifu kwa kitu cheusi kabisa.

Stefan aliaga dunia mjini Vienna Januari 7, 1893, lakini hesabu yake ingali kazini. Kuna matanuri ambamo hewa hupulizwa kutoka chini hadi mchanga na makaa yakatokota kama uji, kwa joto la nyuzi 800 hadi 900. Mhandisi akipuuza mnururisho humo, hawezi kujua ni joto kiasi gani litafikia mabomba ya maji. Joto likizidi, jivu huyeyuka na kugandisha mchanga.

Kanuni hiyo hiyo inamhusu mnunuzi wa jiko kule Kamukunji, karibu na katikati ya jiji. Jiko la bati tupu hung'aa joto pande zote, nalo hupotea. Udongo uliofinyangwa ndani huzuia bati lisipate moto sana. Joto la bati likishuka kutoka nyuzi 300 hadi 150, mnururisho wake hupungua zaidi ya mara tatu. Kwa familia inayonunua mkaa kwa mkebe, hiyo ni akiba ya kila siku.