George Hurst: Mlowezi aliyeuawa na ndovu, bia ikarithi kumbukumbu yake

Katika mabaa ya Kenya, kuanzia Mombasa hadi Busia, yuko ndovu mmoja anayejulikana kuliko ndovu wote wa mbugani. Amechorwa kwenye karatasi ya chupa, na wanywaji humwagiza kila jioni bila kukumbuka kwamba yumo pale kwa sababu ya kifo cha mtu.

Mtu huyo ni George Hurst, mlowezi wa Kiingereza ambaye pamoja na nduguye Charles Hurst na mwenzao H. A. Dowding walianzisha Kenya Breweries mwaka 1922. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuwa shina la East African Breweries, mojawapo ya kampuni kubwa zaidi katika eneo hili la Afrika. Hurst hakuuona ukubwa huo. Aliishi na bia yake kwa muda mfupi mno.

Mwaka huo wa 1922 haukuwa shwari. Kenya ilikuwa imetangazwa koloni miaka miwili tu iliyotangulia, na sarafu ilikuwa imebadilishwa kutoka rupia hadi shilingi, mageuzi yaliyowavuruga wakulima na wafanyabiashara. Machi, Harry Thuku alikamatwa na umati uliokusanyika kudai aachiliwe ukamiminiwa risasi jijini Nairobi. Ni katika mji huo huo, miezi tisa baadaye, walowezi wachache walipokuwa wakihangaikia jambo la namna nyingine kabisa: kupata bia isiyosafiri kwa meli.

Kiu yao ilikuwa na sababu. Bia ya Ulaya ilivuka bahari kwa wiki kadhaa, ikateremshwa Mombasa, kisha ikapakiwa kwenye garimoshi na kupandishwa bara. Bia ni kinywaji kisichopenda safari ndefu wala joto, na anayeizoea ikiwa mbichi hutambua mara moja ile iliyochoka njiani. Tena gharama ya uchukuzi ililipwa na mnywaji.

Akina Hurst walichagua Ruaraka, nje kidogo ya Nairobi ya wakati huo. Desemba 14, 1922, kreti kumi za bia yao ya kwanza zilipelekwa katika Hoteli ya Stanley, mahali ambapo walowezi walikutana kunywa na kupatana bei za mazao na mashamba. Kreti kumi leo haziwezi kutosha harusi moja ya kijijini. Lakini ndizo zilizofungua biashara.

Uhai wa George Hurst katika biashara hiyo ulikatika mwaka 1923. Alikwenda kuwinda, nao uwindaji wa ndovu siku hizo ulikuwa fahari ya walowezi na pia njia ya kujipatia fedha za pembe. Ndovu alimshinda na kumuua. Nduguye Charles, aliyebaki na kiwanda kichanga mikononi, aliipa bia yao jina la Tusker, neno ambalo Waingereza hulitumia kumtaja ndovu dume mwenye pembe kubwa. Picha ya ndovu ikawekwa kwenye chupa.

Ni uamuzi wa ajabu kidogo ukiutazama. Wengi wangetarajia jina la marehemu, au sura yake. Charles alichagua muuaji.

Kuna upande mwingine wa hadithi hii usiosimuliwa sana mbele ya chupa. Bia ya Ruaraka haikutengenezewa wenyeji wa nchi. Sheria za kikoloni ziliwazuia Waafrika kunywa bia ya chupa, na hali hiyo ilidumu hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kibarua Mwafrika angeweza kubeba magunia ya shayiri kiwandani kutwa nzima, asiruhusiwe kuonja jasho lake. Wakati huo huo Manispaa ya Nairobi ilijipa ukiritimba wa kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji katika ukumbi wake wa Pumwani, huku wanawake waliopika pombe majumbani mwao wakisakwa na askari, kumwagiwa pombe na kutozwa faini. Hivyo, mzungu alipopika pombe aliitwa mwekezaji, na mama wa Pangani akaitwa mhalifu.

Na ufundi wenyewe haukuwa mgeni nchini. Kiini cha bia ni kimea. Nafaka hulowekwa hadi ichipue, hukaushwa, husagwa, kisha utamu uliotokana na kuchipua huko hugeuzwa kileo na hamira. Kiwandani nafaka hiyo ni shayiri, na mchuzi wake huchemshwa na hopsi ili upate ule uchungu unaopendwa na wanywaji. Kandokando ya Ziwa Victoria, ikiwemo nchi ya Kisegi ambako Migori na Homa Bay hupakana, kimea kilifanywa kwa wimbi na mtama karne nyingi kabla ya kiwanda chochote kujengwa. Akina mama ndio walioijua kazi hiyo. Wazee wa Kijaluo waliketi kuuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu uitwao oseke, wakanywa pombe ikiwa vuguvugu huku wakiamua mambo ya mashamba, mahari na matanga.

Mzee wa pale asingehitaji kufunzwa na Hurst kutofautisha pombe iliyoiva na iliyoharakishwa. Alitambua kimea kilichoungua, na alijua nyumba ipi kijijini hupika pombe tamu kuliko nyingine.

Baada ya kifo cha George, kiwanda kilikua haraka. Katika miaka ya 1930 kampuni ilinunua Tanganyika Breweries, na mwaka 1936 ikachukua jina la East African Breweries. Vikwazo dhidi ya Waafrika vilipoondolewa katika miaka ya 1940, soko lilibadilika kabisa, na kufikia uhuru mwaka 1963 ndovu wa Charles Hurst alikuwa amehama kutoka vilabu vya walowezi hadi baa za vijijini. Bia iliyowahi kuwa alama ya ubaguzi ikawa kinywaji ambacho Wakenya wengi hukiona kama chao. Mabadiliko hayo waliyafanya wanywaji wenyewe, kwa mifuko yao.

Hata uwindaji uliomwua Hurst ulifikia mwisho. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyesifika kwa pembe zake ndefu, na mnyama huyo akaishi hadi alipokufa kwa uzee mwaka 1974. Miaka mitatu baadaye serikali ilipiga marufuku uwindaji nchini kote.

Kwa wakulima wa Nyanza Kusini, kampuni ya akina Hurst ilifika kwa njia ya mtama. Mwaka 2004 ilianzisha Senator, bia ya bei nafuu ya kuuzwa kwa mapipa, iliyokusudiwa kuwavuta wanywaji waliokuwa wakihatarisha maisha kwa vileo haramu. Baadaye bia hiyo ikaanza kutengenezwa kwa mtama wa humu nchini, na zao ambalo wengi walikuwa wameliacha kwa kulimbikiza mahindi likapata mnunuzi. Lakini mwaka 2013 serikali iliitoza ushuru, bei ikapanda, wanywaji wakaikimbia na wakulima wakabaki na magunia nyumbani, hadi sehemu kubwa ya ushuru huo ilipoondolewa tena.

Mwaka 2019 kiwanda cha Kisumu, kilichokuwa kimefungwa kwa miaka mingi, kilianza tena kutengeneza bia hiyo, kikinunua mtama wa mashamba ya magharibi mwa Kenya, ile nafaka iliyokuwa ikiingia mtungini.