Maisha ya Mwalimu Nyerere: Mara Tatu Alizong'atuka

Tarehe 14 Oktoba 2023 mji wetu wa Babati ulipokea kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru, siku ambayo Taifa humkumbuka Julius Kambarage Nyerere. Wanafunzi wetu waliuona Mwenge kwa macho yao. Hata hivyo, wote walizaliwa baada ya kifo chake, na aghalabu kwao yeye ni picha ya ukutani na orodha ya tarehe za kukariri kabla ya mtihani. Makala haya yanakusudia kuyaeleza maisha yake kwa njia ambayo mwalimu aweza kuifuata darasani: kutazama mara tatu alizokiacha cheo, na kuuliza kila mara kwa nini.

Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa chifu huyo. Mtoto alianza shule mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, katika shule ya Mwisenge mjini Musoma. Yafaa mwalimu atue kidogo hapa, kwa maana katika madarasa yetu pia wamo watoto wa wafugaji waliochelewa kuanza masomo. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora, na kuanzia 1943 hadi 1945 alisomea ualimu katika Chuo cha Makerere, Uganda. Baada ya kufundisha Tabora katika shule ya Mtakatifu Maria, alikwenda Uskoti mwaka 1949, akasoma Chuo Kikuu cha Edinburgh hadi 1952. Aliporejea alimwoa Maria, akaajiriwa kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Kabla ya kuendelea, hapana budi wanafunzi waelewe hali ya nchi. Tanganyika ilikuwa koloni la Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye Waingereza waliitawala kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, na tangu 1946 kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Mtawala, basi, alikuwa na mahali pa kutolea hesabu. Nyerere aliuona mlango huo. Tarehe 7 Julai 1954 TANU iliundwa, yeye akiwa Rais wake. Mwezi Machi 1955 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini kudai haki ya nchi yake.

Aliporudi alitakiwa kuchagua kati ya ualimu na siasa. Huku ndiko kung'atuka kwa kwanza. Alijiuzulu mwaka huo wa 1955, akiwa na familia changa na bila mshahara wa kutegemea. Alirudi Butiama kwa muda, akamfundisha padri mmoja wa Maryknoll lugha ya Kizanaki. Kazi aliiacha, lakini jina la Mwalimu halikumwacha.

Mtihani mkubwa wa uongozi wake ulikuja Tabora mwezi Januari 1958. Serikali ilikuwa imeamuru kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi wa TANU walitaka kuususia uchaguzi huo kwa kuwa masharti yake yalikuwa ya dhuluma. Nyerere aliwashawishi waingie, kwa hoja kwamba kususa kungewaachia wapinzani baraza zima. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuanzisha chama chake. TANU ilishinda, na mwaka 1960 ilipata viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata Uhuru pasipo vita. Somo hili lafaa mno kufundishwa kwa mdahalo: nusu ya darasa itetee kususia, nusu itetee kushiriki, ndipo mwalimu aeleze yaliyotokea.

Kung'atuka kwa pili kulikuja mapema kuliko ilivyotazamiwa. Mwezi Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama miongoni mwa wananchi. Mwezi Desemba mwaka huohuo alirudi kuwa Rais wa Jamhuri. Mwaka 1964 aliunganisha nchi yake na Zanzibar. Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, likafuatwa mwezi Machi na Elimu ya Kujitegemea, ambayo kila mwalimu chuoni huisoma.

Mwalimu mkweli hataishia kwenye sifa. Sheria ya mwaka 1962 iliruhusu kuwekwa watu kizuizini bila kushtakiwa. Katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishwa kwa nguvu kuingia vijijini. Na jirani zetu wa Hanang wanajua jinsi mashamba ya ngano ya shirika la umma yalivyochukua malisho ya Wabarbaig. Mwanafunzi atumwe kwa wazee wa kwao akaulize, arudi na maelezo yao, hata yakipingana. Kuyaficha hayo ni kumfundisha mtoto kwamba historia ni nyimbo za kusifu.

Kung'atuka kwa tatu ni kwa mwaka 1985, alipomwachia Ali Hassan Mwinyi urais kwa hiari, wakati ambapo marais wengi wa Afrika waliondolewa kwa mapinduzi au kwa kifo. Neno lenyewe, lenye asili ya Kizanaki, liliingia katika Kiswahili kwa sababu yake. Katika uzee wake alisuluhisha mgogoro wa Burundi katika mazungumzo ya Arusha, hadi alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Alizikwa Butiama.

Mwishoni mwa kipindi, mwalimu aandike ubaoni miaka mitatu tu: 1955, 1962 na 1985. Kisha amwombe kila mwanafunzi aandike aya moja kueleza ni mwaka gani Nyerere alipoteza zaidi, na nani alifaidika. Atakayeweza kulijibu swali hilo kwa sababu zake mwenyewe ameyaelewa maisha haya, hata kama amesahau tarehe ya kuzaliwa.