Kosa la Billy Meredith

Kila mara mchezaji mashuhuri anapohusishwa na rushwa, wapenzi wa kandanda hugawanyika. Wako wanaotaka jina lake lifutwe kabisa, na wako wanaotaka asamehewe kwa ajili ya magoli yake. Sisi tunaona kwamba pande zote mbili hufanya pupa katika kuhukumu, na maisha ya Billy Meredith wa Wales yanatuonyesha sababu.

Meredith alizaliwa mwaka 1874 huko Chirk, katika eneo la machimbo ya makaa ya mawe, na alipofikia umri wa miaka 12 alikuwa amekwisha kuingia shimoni kutafuta riziki. Mwaka 1894 alijiunga na Manchester City, akawa winga wa kulia asiye na mfano. Alicheza huku ametia mdomoni kijiti cha kuchokolea meno, nao walinzi waliokabiliana naye walipata taabu kubwa. Mwaka 1904, akiwa nahodha, alifunga goli la pekee lililowashinda Bolton Wanderers na kuipa City Kombe la Chama cha Kandanda cha Uingereza.

Sifa hizo hazikudumu muda mrefu bila doa. Tarehe 29 Aprili 1905 City ilicheza na Aston Villa ikiwa bado na matumaini ya ubingwa wa ligi, ikafungwa 3-2. Baadaye ikajulikana kwamba Meredith alimwahidi Alec Leake, nahodha wa Villa, pauni 10 ili wenzake walegeze mchezo. Meredith alikana, lakini Chama cha Kandanda kilimsimamisha hadi Aprili 1906.

Laiti mambo yangaliishia hapo, tungalisema kwamba mkosaji amepata haki yake. Lakini tangu mwaka 1901 kanuni ilikataza mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki, hata kama maelfu ya watu walilipa viingilio ili kumtazama yeye. Vilabu vilivyotaka kuwabakiza wachezaji hodari vilipitisha ziada kwa siri. City ilipokataa kumlipa Meredith wakati wa adhabu yake, alifichua siri hiyo. Alikiri kutoa ahadi ile, akadai kwamba alitumwa na meneja wake, Tom Maley. Dai hilo lilikuwa neno lake mwenyewe, lakini malipo haramu yalithibitishwa na uchunguzi wa mwaka 1906. Maley alifungiwa, na wachezaji 17 walitozwa faini, wakasimamishwa hadi mwisho wa mwaka huo, na kukatazwa kuichezea City tena.

Hatumtetei Meredith. Mtu anayenunua matokeo huwaibia watazamaji waliolipa fedha zao kwa nia njema. Wala kusema kweli baada ya mshahara kukatwa si ushujaa. Hata hivyo, hatuwezi kufumba macho tusione kwamba klabu iliyojitenga naye ilikuwa yenyewe imevunja sheria kwa miaka, na kwamba kanuni isiyo ya haki iliwazoesha wote kupokea na kutoa fedha gizani.

Alipofunguliwa, Meredith alianza kuichezea Manchester United siku ya mwaka mpya wa 1907. Akaisaidia kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 1908 na 1911, na kombe mwaka 1909. Lakini kwetu sisi jambo kubwa zaidi ni mkutano wa Desemba 1907 mjini Manchester, aliouongoza yeye mwenyewe, ambapo chama cha wafanyakazi cha wachezaji kiliundwa. Mwaka 1909 wakubwa wa mchezo waliwaamuru wachezaji wakihame chama hicho. Wengi walitii. Yeye na wenzake wa United walikataa, wakasimamishwa, na hatimaye chama kikatambuliwa. Malalamiko aliyoanza kuyasema kwa hasira na kwa faida yake, safari hii aliyasema hadharani kwa faida ya wote.

Aliichezea Wales mara 48, na mwaka 1924, akiwa na miaka 49, alikuwa tena na City katika nusu fainali ya kombe. Alifariki Aprili 1958. Kiwango cha juu cha mshahara kilifutwa mwaka 1961, miaka mitatu baada ya yeye kuzikwa, na kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka 2001.

Tunawasihi viongozi wa michezo wauzingatie mfano huu. Mchezaji atakayeuza au kununua mchezo na aadhibiwe bila huruma. Lakini siku hiyo hiyo vitabu vya hesabu vya klabu yake navyo vifunguliwe, na kanuni iliyomfikisha hapo ipimwe. Anayekata tawi na kuuacha mzizi atarudi na shoka mwakani.