Carl Jung: Mtu Aliyejichunguza

Hapa kambini tunaishi mlango kwa mlango, na ni rahisi kuhukumiana. Mtu akinyamaza, twasema ana kiburi. Akisema sana, twasema hana siri. Safari hii tumemchagua mtu aliyetumia maisha yake kutafuta kwa nini tabia zetu hazifanani.

Carl Gustav Jung alizaliwa Uswisi tarehe 26 Julai 1875. Baba yake alikuwa mchungaji. Tangu utotoni alijiona kama ana watu wawili ndani yake: mmoja mwanafunzi wa kawaida, mwingine mzee apendaye upweke. Alisomea udaktari mjini Basel, na mwaka 1900 akaanza kuwatibu wagonjwa wa akili mjini Zürich.

Mwaka 1907 alikutana na Sigmund Freud, daktari mashuhuri wa Vienna. Wakawa kama baba na mwana, lakini mwaka 1913 urafiki ulivunjika. Jung aliumia sana. Hakuishia kumlaumu mwenzake. Kwa miaka kadhaa alijichunguza, akiandika ndoto na mawazo yake. Pia alitaka kujua jinsi madaktari wawili wanavyoweza kumtazama mgonjwa mmoja na kuona mambo tofauti.

Jibu alilitoa katika kitabu cha mwaka 1921. Alieleza kwamba wako watu ambao nguvu zao huelekea nje, kwa watu na shughuli, na wengine huelekea ndani, kwenye fikira zao. Yeye alijihesabu kati ya hawa wa pili. Lakini alifundisha pia kwamba hakuna mtu aliye wa upande mmoja tu.

Mwishoni mwa 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, kisha akafika Mlima Elgon. Huko alitumia Kiswahili kuwauliza wenyeji juu ya ndoto zao. Mganga mmoja mzee alimweleza kwa huzuni kwamba tangu wazungu waje, ndoto zimekwisha, kwa kuwa sasa Waingereza ndio wanaojua kila kitu.

Jambo hilo latugusa sisi wakimbizi. Wengine ndio wanaoamua tukae wapi na tupate chakula gani. Lakini hakuna ofisi iwezayo kutujua mioyo yetu kwa niaba yetu.

Jung alifariki tarehe 6 Juni 1961, akiwa na miaka 85. Kutokana na kitabu chake, Wamarekani wawili, Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers, walitunga maswali ambayo hadi leo watu hujijibia ili wajue tabia zao. Wataalamu wengi huyatilia shaka, maana mtu akiyajibu tena baada ya wiki chache huweza kupata jibu jingine. Basi tusiyafanye kuwa hukumu.

Sisi tujiulize matatu tu. Je, tunapata nguvu tukiwa na watu au tukiwa peke yetu? Tukikasirika, tunasema au tunanyamaza? Na ni nani nyumbani anayeumia kwa tabia hiyo?

Ndugu zetu waliotoka Koyama na Chula wanajua kwamba chombo kinahitaji wa kushika usukani kwa utulivu, na wa kupiga kelele omoni aonapo mwamba. Kila mmoja ajue yeye ni yupi, wala asimdharau mwenzake.