Origene na moto usiozimika



Wengi wetu tukianza kusoma Biblia yote tunakwama kwenye Mambo ya Walawi. Damu, mafuta, majivu, kuni... unajiuliza, jamani, haya yananihusu nini? Leo nawaletea habari za mtu aliyenifungulia kitabu hicho: Origene.

Alizaliwa Aleksandria, Misri, mnamo mwaka 185. Baba yake alimfundisha Maandiko tangu utotoni. Mwaka 202, wakati wa dhuluma ya Kaisari Septimius Severus, baba huyo aliuawa kwa ajili ya imani. Origene, kijana wa miaka kama 17, alitaka kwenda kufa naye. Mama yake akamficha nguo zote, ikabidi abaki nyumbani! Mali yao ikachukuliwa na serikali, naye akaanza kufundisha ili mama na wadogo zake sita wapate kula. Muda si mrefu askofu akamkabidhi pia wakatekumeni.

Baadaye alipata upadre huko Palestina, akahitilafiana na askofu wake, akahamia Kaisaria. Huko alihubiri juu ya Walawi. Sura ya 6 inamwagiza kuhani aongeze kuni kila asubuhi, moto wa madhabahu usizimike. Hekalu lilikuwa limebomolewa tangu mwaka 70, lakini Origene hakuona kwamba agizo limekwisha. Kwake, madhabahu sasa ni moyo, na kila mbatizwa ana ukuhani wake. Ukiacha kung'ang'ania mali, ukimpenda jirani, ukizitawala tamaa zako, umeshatoa sadaka ndani yako.

Hapo ndipo panaponigusa mimi. Tukitoka kwenye mafungo au kongamano la vijana tunawaka kweli kweli. Wiki mbili baadaye, kimya. Tunasubiri kongamano lingine lije kutuwasha. Kumbe kuhani yule alikuwa na kazi ndogo tu, ila ya kila siku: kuni za asubuhi.

Mwaka 250, chini ya Kaisari Decius, Origene alikamatwa akiwa mzee. Alifungwa chuma shingoni, miguu ikanyooshwa kwenye mkatale, akatishiwa kuchomwa moto. Hakukana. Alitoka gerezani hai lakini mwili umechakaa, akafariki mnamo mwaka 254.

Kanisa halimwiti mtakatifu, maana baadhi ya mawazo yake yalikataliwa. Hata hivyo, mwaka 2007 Papa Benedikto XVI alimfundisha katika katekesi mbili. Kijana aliyetaka kumpa Mungu vyote kwa siku moja alipewa miaka zaidi ya 50 ya kuongeza kuni.

Basi kesho, kabla hujashika simu, weka ukuni mmoja: sala fupi, aya chache za Injili, au kumwomba radhi uliyemkosea.

Bwana, usiache moto wako uzimike ndani yetu. Amina.